Wale Waliokuwa Shambani

Asubuhi ya Jumanne, Consolée alikuwa akianika mihogo juu ya jiwe kubwa lililo katikati ya shamba lake, mlimani juu ya Songo, kwenye njia ya kupanda Bijombo. Mihogo ilikuwa imekaa majini vya kutosha mpaka ikamegeka kwa vidole, na harufu yake ilikuwa kali kama inavyotakiwa. Aliipanga kipande kwa kipande akikwepa mistari iliyochongwa, maana muhogo ukiingia humo hunasa na kuoza. Michongo yenyewe aliikuta siku alipoletwa kuolewa, na mama mkwe wake naye aliikuta. Upande mmoja wa jiwe walikuwako wanawake wameinama na majembe. Upande wa pili walikuwako wanaume na mikuki yao, wamekaa. Walikuwa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyeona ajabu.

Hapo akapanda bwana mmoja mnene, anahema, begi mgongoni. Aliitwa Tariki, mtu wa Kilibula, mtaa wa mjini, wa zile jamaa ambazo babu zao walikuja na biashara ya ziwa. Alitumwa na proje moja, mradi wa mambo ya kale, kuchora majiwe yote ya kale yaliyomo mashambani kabla watu hawajayapasua kuwa kokoto.

"Jambo, mama. Hii jiwe ni ya nani?"

"Jiwe ni ya Mungu. Mihogo ndiyo yangu."

Tariki alicheka, akakaa, akajifuta jasho. Akaeleza kwamba kila jiwe litachorwa kwenye karatasi, na chini yake litaandikwa jina la mlinzi wa shamba. Shamba likishaandikwa, haliuzwi wala halichimbwi bila mlinzi wake kukubali.

Mikono ya Consolée ilisimama. Mume wake, Venant, alikuwa amekufa. Watoto wake walikuwa wa kike tu, Agnès na wadogo zake, wameolewa kule Baraka. Shemeki yake Herménégilde, mdogo wa marehemu, alikuwa ameanza kuja Jumapili baada ya misa, anatembea shamba la chini na viatu vyake vya kung'aa, anachota udongo, anaufinya, anaunusa. Udongo wa chini ulikuwa mzuri kwa matofali, na kulikuwa na mtu wa matofali aliyeutaka. Lakini udongo huo huo ndio uliotoa maharagwe yaliyowasomesha wale mabinti.

"Basi utaandika jina yangu?" akauliza.

"Nitaandika jina yenye shefu wa kijiji atasema. Tutakuja naye Alhamisi, saa tatu."

"Shefu anajua ni nani analima hapa. Kila mavuno anakula maharagwe yangu."

"Basi hakuna shida, mama."

Tariki alitaka kupiga foto ya kujaribu, lakini chaki yake ya kujaza mistari ili ionekane ilikuwa imelowa kwa jasho la mgongo wake. Akaomba unga wa muhogo. Consolée akaenda nyumbani, akarudi na beseni la unga mweupe, ule wa kupikia wageni bugali. Aliujaza polepole kwa kidole katika mistari ya wanawake, toka visigino mpaka majembe. Alipofika kwa wanaume, unga laini ulikuwa umeisha. Akawajazia chenga.

Kesho yake asubuhi wale wanawake wa jiweni walikuwa wameshuka, wanapalilia maharagwe.

Hawakuwa wamekula tangu wachongwe, na chakula ni nguvu. Kimo chao hakikuzidi chupa ya soda. Walikwenda kwa mstari, wakilima udongo laini kabisa kama mtu anayesuka nywele za mtoto, na jani la haragwe hawakuligusa. Consolée aliwasalimia, wakaitika bila kuinua migongo. Akawaonyesha sehemu ya juu iliyokuwa imeota magugu sana, kisha akainama pamoja nao.

Jirani yake Apollinarie alipita na fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akasimama njiani.

"Mama Agnès, umepata wafanyakazi?"

"Ni wale wa jiwe."

"Ah. Na bwana zao?"

Consolée akaelekeza kidevu. Juu ya jiwe wanaume walikuwa wamekaa palepale, mikuki magotini. Sauti zao ndogo zilisikika zikisema kwamba unga ulikuwa na chenga, na zikiuliza kama hapa hakuna pombe ya kasiksi.

"Kumbe ni batu ya hapa hapa," Apollinarie akasema, akaenda zake.

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi ya Alhamisi udongo ulikuwa umefunguka. Udongo uliolowa haumsubiri mtu. Consolée aliondoa mihogo, akafagia jiwe vizuri, akawaambia wanaume wa jiweni: "Wageni wakifika, muniite. Niko hapa chini tu."

"Tutakuita," wakajibu.

Wageni walifika. Shefu alivaa kofia yake ya kazi. Herménégilde alibeba kiti cha shefu, na Tariki alibeba karatasi ndefu iliyokunjwa. Walisalimiana na wanaume wa jiweni, wakaulizana habari za mvua. Kisha Tariki akapiga foto, akatandaza karatasi, akaanza kuchora. Alichora kila mkuki na kila goti, kwa uangalifu mkubwa. Sehemu iliyobaki ya jiwe ilikuwa laini kama kiganja, kwa sababu wenye sehemu ile walikuwa kazini.

"Sasa shamba ni ya nani?" shefu akauliza.

"Ni ya nyumba yetu," Herménégilde akasema. "Nyumba ya baba yangu. Na kwa sasa mwanaume wa nyumba ni minye." Akajigusa kifua.

Shefu akawageukia wa jiweni, kwa kuwa walikuwa wazee kupita wote waliokuwapo.

"Mashamba yote ni ya wanaume," wakasema. "Sisi tumekaa hapa siku nyingi, hatujaona ingine."

Tariki aliinua kalamu. "Tusimuite kwanza yule mama?"

"Usimusumbue, ndugu yangu," Herménégilde akasema kwa upole. "Iko na kazi mingi."

Wa jiweni nao waliona kwamba si vizuri kumsumbua.

Consolée alipopanda na ndoo ya maji ya kuwanywesha wageni, muhuri wa shefu ulikuwa umeshakauka. Aliitazama karatasi. Alisoma shule ya msingi tu, lakini jina la shemeki yake alilijua. Akaweka ndoo chini.

"Kwa nini hamukuniita?"

"Hatukukukuta, mama," shefu akasema. "Niliuliza wale wenye nilikuta."

"Mimi hamukunikuta kwa sababu nilikuwa shambani. Na nyinyi munatafuta mwenye shamba!"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mulitaka kumukutia wapi?"

Shefu akaangalia ziwa. Consolée akamgeukia Tariki.

"Na hawa bamama wa jiwe, mbona hawako kwa karatasi?"

"Mama, minye ninachora jiwe. Sichori shamba."

Consolée akapiga makofi, akawaita. Wanawake walikuja mbio kati ya mashina ya maharagwe, wakapanda jiwe, kila mmoja akainama mahali pake, bado wanahema, udongo mbichi kwenye majembe. Shefu alivua kofia, akawapa pole ya kazi. Tariki alipiga magoti, akawatazama mmoja mmoja, akakubali kwamba katika majiwe yote ya upande huu wa ziwa hajaona michongo mizuri kama ile.

"Basi waandike. Na minye uniandike."

"Karatasi ni moja kwa kila jiwe, mama. Na foto ya kuhesabiwa ni ya leo, inaonyesha pako patupu. Wakubwa wa birau ya proje wataniuliza mbona jiwe lilikuwa tupu saa tatu na saa tano limejaa. Hawapendi mambo kama hayo."

"Kuja kesho."

"Kesho niko na majiwe ingine, upande wa Makobola."

Shefu akawainamia wanawake kama mtu anayeshauri watoto wake. "Mungebaki tu hapa, tungewaandika."

"Na magugu?" Consolée akauliza.

"Iyo nayo ni kweli," shefu akasema, akavaa kofia.

Herménégilde alimhakikishia shemeki yake kwamba hakuna kitakachobadilika, ataendelea kulima. Kisha, akiwa mlinzi, alijiomba ruhusa ya kuuza shamba la chini, akafikiri kidogo, akajikubalia. Tanuru la matofali likaanza kutoa moshi kabla maharagwe ya pale hayajakomaa. Consolée na wanawake wa jiweni walivuna majani yaliyofaa mboga, wakahamia kipande cha juu. Kilikuwa chembamba na chenye mawe, kwa hiyo walianza mapema zaidi.

Sasa pamewekwa kibao: *Jiwe la Wawindaji*. Jumamosi wageni hupanda kutoka mjini, wengine hata toka Bujumbura. Herménégilde huwaeleza kwamba watu wa kale wa hapa walikuwa wanaume tu, na huwaonyesha karatasi. Juzi mwanamke mmoja mwenye miwani, mgeni, aliwauliza wale wa jiweni wenyewe: zamani zile, nani alikuwa akilima?

Walishauriana kwanza. Nyuma ya mgeni, Consolée alikuwa akipita na jembe begani, na msururu wa wanawake wadogo ukimfuata, wakiomba njia.

"Zamani zile," wakajibu, "chakula kilikuwako tu."

Mgeni akasogea kidogo kuwapisha, akaandika.