Honi Kwenye Mkondo Mwembamba

Kisiwa chenyewe hakikuwa na cha kujivunia: matete, miti michache na nguzo ya taa iliyoinama upande. Lakini manahodha wote wa mto ule walikiheshimu, maana ndicho kilichoyagawa maji. Vyombo vinavyoshuka vilipita mkondo mpana. Vinavyopanda vilijibana kwenye mkondo mwembamba, upande wa pili, ambako maji hayana nguvu sana. Kukutana hakukuwepo.

Asubuhi hiyo boti ya abiria ilikuwa inapanda. Nahodha wake watu walimwita Dada Usukani. Kaka yake, aliyemfundisha kazi, aliendesha tishari, chombo kipana cha kubebea saruji, kwenye mto huohuo, na hakuwa ameacha kumfundisha. Kila siku redioni alimwelekeza kama mtoto: punguza mwendo, angalia mchanga, umekula? Bandari nzima ilikuwa inasikiliza na kucheka. Kwa hiyo Dada Usukani alipoisikia sauti ya kaka yake ikianza, "Dada, hebu sikia," akapunguza redio mpaka ikanyamaza.

"Leo kaka mtu atanuna," alisema fundi mitambo, aliyepanda juu kupunga upepo.

"Itampita."

Wakaingia mkondo mwembamba, kushoto ukingo wa mawe, kulia kisiwa. Sitahani mama mmoja alikuwa anamsuka bintiye. Jirani yake amelala mdomo wazi. Walipokaribia kona, honi ikalia mbele yao, nzito na ndefu. Ilikuwa honi ya kaka yake; Dada Usukani aliitambua kama anavyotambua kikohozi cha baba yake.

"Huyo anafanya nini huku?" fundi aliuliza.

Mkono wa Dada Usukani ulikuwa umeshafika kwenye redio, ukarudisha sauti.

"...mkondo mpana umejaa mchanga, sikuweza kupita, nashuka huku. Dada, usiingie. Nijibu, dada." Sauti ilikuwa imekauka kwa kurudia maneno yaleyale.

"Nimeshaingia, kaka. Niko kwenye kona."



"Siwezi kusimama, mdogo wangu. Nimejaa, na maji yananisukuma."

Pua ya tishari ikachomoza, pana kama ukuta wa ghala. Dada Usukani aliipima kwa jicho. Akirudi nyuma, maji yangemgeuza ubavu, apigwe katikati, palepale walipokaa watu.

"Kaka, kumbatia mawe," alisema. "Mimi nakipanda kisiwa."

"Sawa."

"Waambie wakae chini washike kitu," alimwambia fundi, akakata usukani kulia na kusukuma injini mpaka mwisho.

Boti ilipasua matete ikapanda udongo kwa kishindo. Mizigo iliporomoka, watu wakalaliana. Shetri, yaani sehemu ya nyuma, ilibaki nje, mkondoni, na tishari likaja likisaga mawe, chuma kikilia hadi meno yakauma. Likang'oa choo cha nyuma, kizima na mlango wake, likapita.

Chooni hapakuwa na mtu. Dada Usukani aliwahesabu abiria mara mbili kabla ya kuamini. Aliyelala mdomo wazi alikuwa amevunjika mkono. Wengine walikuwa na michubuko.

Kaka alitia nanga upande wa chini wa kisiwa, akaja kwa mtumbwi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Redio yako ina shida gani?" aliuliza.

Fundi aliangalia pembeni. Redio ilikuwa kuukuu. Uongo ungepita bila kupekuliwa.

"Haina shida. Niliizima sauti. Nilichoka kuelekezwa mbele za watu."

Kaka aligeuka kuangalia palipokuwa choo.

"Nilipokosa jibu nilipaswa kutia nanga," alisema. "Nikasema huyu atakuwa hajafika. Nikaingia."

Walisimama hivyo, hakuna aliyejua amkasirikie nani. Kisha Dada Usukani akalia, naye kaka akamshika bega, bila maelekezo yoyote.

"Twende kwa yule wa mkono," alisema Dada Usukani, akijifuta uso. "Mtumbwi wako unabeba wangapi?"

"Wanne."

"Basi yeye kwanza. Halafu watoto."

Kaka akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuushikilia mtumbwi.