Gando la Kamba Kipofu

Tu! Tu! Mchi ulisikika uani, pale mtaani Cheyo, kabla Gervasi hajafungua mlango wa nyuma. Mama yake, Rosalia, alikuwa akitwanga dagaa wa kuku.

“Na yule mdudu wako mkavu nimemtia humo humo. Hata macho hana, masikini!”

Gervasi alipiga magoti kando ya kinu. Kamba yule wa kilindini alikuwa mmoja tu aliyepata kuvuliwa, na chuo kilimkabidhi yeye amchunguze na kumpa jina. Gando lake refu, lenye meno kama kitana, ndilo pekee lililomtenga na jamaa zake. Sasa lilikuwa unga, na kuku walikwisha kudonoa.

“Watanifunga, baba?” mama aliuliza alipoelezwa hayo, akiuweka mchi chini.

“Hawatakujua, mama. Nitawaapia nimemvunja mwenyewe.”