Teke Kwenye Theluji

Timu nne za soka la Kimarekani zilimtema Orrin Hruska kabla timu ya Duluth haijamchukua. Kila alipotemwa alirudi Nebraska kwa baba yake, akawa anapiga mpira peke yake katika shamba lililokwisha kuvunwa, mpaka simu nyingine ilie. Kazi yake ilikuwa ile isiyosifiwa: timu ikishindwa kusonga mbele, anaitwa yeye aupige mpira mbali, wapinzani waanze safari kutoka mbali. Baba yake, mzee Emil, alisema hadharani kwamba kufanya hivyo ni kusalimu amri kwa mguu.

Duluth nako hakukosa watani. Boudreaux, jitu la safu ya ulinzi, alimwita Bwana Harusi kwa kuwa jezi yake haikuchafuka. Orrin alicheka, akaendelea na mazoezi, na misimu ikapita huku wengi waliomcheka wakifungasha virago.

Msimu wake wa mwisho, nywele zimeshaanza kumtoka, Duluth walifika mechi ya kuamua nani aingie mtoano. Theluji ilianguka tangu asubuhi. Mchezo ukielekea ukingoni, waliongoza kwa pointi mbili tu, lakini walikuwa wamebanwa karibu na mstari wa goli lao wenyewe. Kocha akamwita Orrin.

Mwenzake akamrushia mpira vibaya. Ulimpita ubavuni, ukatambaa kwenye theluji, na uwanja mzima ukanywea. Orrin akaukimbilia, akauokota, akageuka. Wapinzani wawili walikuwa wanamjia kama mafahali waliovunja zizi. Nafasi ya kujipanga haikuwapo. Aliupiga akiwa mbioni, nao wakamlaza chini.

Hakuuona ulikokwenda. Alilala kifudifudi, theluji mdomoni, akasikia kelele zikiinuka jukwaa baada ya jukwaa. Mpira ulikuwa umevuka vichwa vya wote, ukadunda, ukateleza mpaka upande wa pili, ukatoka nje karibu kabisa na mwisho wa uwanja. Wapinzani wakabaki na uwanja mzima wa kuvuka na muda usiotosha. Hawakufika popote.

Boudreaux ndiye aliyekwenda kumwinua.

"Kaka," alimwambia, "siku zote ukiingia wewe mimi nakunywa maji. Leo nimesimama kukutazama."

Orrin alimshika begani, akainuka.

Alipomaliza kuoga alitoka kumtafuta baba yake, aliyekuwa amesafiri kuja kutazama mechi. Alimkuta kwenye maegesho, kati ya mashabiki asiowajua waliokuwa wakichoma soseji nyuma ya gari lao. Mzee Emil, mkono mmoja kwenye mlango wa gari asianguke, alikuwa ameinua mguu kuwaonyesha teke lilivyopigwa. Mmoja wao akasema kwa upole kwamba, kusema kweli, ile ilikuwa bahati.

"Bahati gani?" mzee alisema. "Yule ni mwanangu. Ile ndiyo kazi yake."

Orrin alisimama pale pale kwenye baridi, bila kujitokeza, akamsikiliza akilisimulia teke lile tena tangu mwanzo.