Matanga ya Kaa wa Mtoni

Siku ile Somoe hakushika kulabu yake ya kuvutia kaa mashimoni. Akamvute nani? Tangu Mashaka afungue yadi ya mapipa pale Mtoni Kijichi, kila lori likija na mapipa ya kemikali, yanaoshewa ukingoni mwa mikoko, na maji yale yenye sumu yanamwagikia kwenye tope. Kaa wakaanza kufa wakitoa povu. Wakafuata ndege yangeyange waliowala. Somoe alipokwenda kulalamika, Mashaka akamjibu, "Bi mkubwa, hao wadudu tu." Wadudu! Wadudu waliomlea yeye na mama yake!

Alilia? Thubutu! Aliazima turubai la chama cha kuzikana, akalifunga katikati ya barabara, mbele kabisa ya geti la yadi. Jirani yake Bernadeta akatandika mikeka. Wanawake wa mtaa wakaja wamejitanda kanga, wakaketi.

Asubuhi hiyo hiyo lori likafika. Dereva kuona turubai, akazima injini. Nani Dar hii atapiga honi msibani? Mashaka naye akatoka getini, akavua kofia na viatu, akakaa mkekani kama mtu aliyelelewa akaleleka.

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

Somoe akafunua kanga iliyotandazwa katikati ya mikeka. Chini yake kaa tele, wamekakamaa, na yangeyange mmoja shingo imelegea.

"Hawa. Na aliyewaua ndiye kaja kutoa pole."

Mashaka aliruka kama kakalia moto. "Nyie mna wazimu! Ondoeni turubai!"

"Liondoe mwenyewe," Somoe akasema, wala hakuinuka. "Vunja msiba mbele ya mtaa mzima, tukuone."

Mashaka akatazama huku na huku. Watu walishajaa. Akamgeukia dereva. "Pita, bwana!"

Dereva akawaangalia wale kina mama, akaiangalia ile kanga, akaguna.

"Shikamooni mama zangu. Poleni sana na msiba," akasema. "Bosi, mie hapa sipiti." Akarudi kinyumenyume na mapipa yake hadi barabara kubwa.

"Matanga siku tatu tu!" Mashaka akafoka, anatafuta viatu vyake. "Mtaondoka!"

"Hizo za watu," Somoe akajibu. "Haya yetu tutaanua siku kaa watakaporudi mashimoni. Bernadeta, shoga yangu, bandika chai. Sufuria lile kubwa."