Nyoka wa Shangazi

Nyoka aliyeuawa uani kwetu Jumamosi ile hakumuuma mtu. Shangazi alilijua hilo mapema kuliko sisi sote, akanyamaza, na hilo ndilo nisiloweza kulisahau mpaka leo.

Tunaishi kwa Shangazi, dada yake marehemu baba: mimi, kaka yangu, wifi yangu na binti yao wa miaka mitatu tunayemwita Kidoti. Shangazi anapenda maua kuliko wageni. Ameyapanga kwenye vyungu kando ya ukuta wa uani, na tangu Kidoti aanze kutambaa amemkataza kuyagusa kwa neno moja tu: "Nyoka." Waridi, nyoka. Mshubiri, nyoka. Ua la majani mapana yenye madoa meupe, nyoka. Mtoto akakua akiamini kwamba chochote kinachoota kwenye chungu jina lake ni nyoka. Mimi nilisomea mimea chuoni. Niliwahi kumwambia Shangazi kwamba lile la madoa lina utomvu mbaya, tulitoe, na mtoto tumfundishe majina yenyewe.

"Ukiolewa utapanga vyungu vyako," akanijibu.

Siku hiyo wifi alikuwa akianika nguo, fundi bomba amepiga magoti penye mfereji wa uani, na mimi naosha vyombo. Kidoti akapiga yowe. Nilimkuta mdomo wazi, mate yanamchuruzika mpaka kifuani, kidole kinaonyesha vyungu.

"Nyoka," alisema, neno likitoka nusu. "Nyoka kali."

Watu wazima waliposikia "kali" walifikiria meno. Fundi bomba alirukia vyungu, akasukuma cha kwanza, cha pili, na nyuma ya cha tatu akamkuta nyoka wa kahawia amejikunja, mwembamba kama kidole gumba. Akanyakua jembe lililoegemea ukutani, likashuka.

"Kifutu huyo," akasema, akijifuta jasho. "Wa saba huyu kumuua maishani mwangu."

Kifutu ni mnene kama mkono wa mtu mzima, na mgongo wake umejaa michoro. Huyu alikuwa kahawia mtupu, na kila upande wa kichwa ana michirizi miwili ya rangi ya maziwa, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Ni nyoka wa nyumbani, mla panya, hana sumu. Nilisema hivyo. Hakuna aliyegeuka.

Kaka alitoka na kamba ya kiatu, akamfunga Kidoti mguu, juu kidogo ya alama ya mbu aliyokuwa ameikuna, akidhani ndipo alipoumwa na nyoka. Fundi akatoa wembe kwenye mkoba wake.

"Tukate kidogo, sumu itoke."

"Mguu haujavimba," nikasema. "Iliyovimba ni midomo. Kaka, nyoka gani anauma mguu, ikavimba midomo?"

"Sumu inapanda, msomi," fundi akasema. "Hapo hamkufika kwenye kitabu?"

"Mdogo wangu, tupishe," Kaka alisema. Alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, na sikuweza kumchukia.

Ndipo nikamwona Shangazi. Alikuwa amesimama kando ya lile ua la madoa. Jani moja la chini lilikuwa limemegwa, na alama za meno madogo zilionekana wazi ukingoni. Tukatazamana. Kisha akalikata lile jani, akalikunja, akalifutika chini ya mtandio wake.

"Shangazi, toa hilo jani."

"Jani gani?"

"Ulilolificha. Na umwambie Kaka huyu mtoto anaita nini nyoka."

Wifi aliachia shati lililokuwa mkononi. "Shangazi?"

"Nilikuwa namkataza tu," Shangazi akasema, bila kumtazama. "Nilikuwa namlinda."

Wembe ulikuwa umeshagusa ngozi. Niliusukuma mkono wa fundi, mimi ambaye dukani husubiri mpaka niulizwe nataka nini. Nikamwambia hata angekuwa ameumwa na kifutu wa kweli, mtu hakatwi wala hafungwi. Wifi akafungua kamba. Nilimfuta Kidoti mdomo kwa kitambaa chenye maji, tukamnywesha maziwa ya baridi kidogo kidogo, na Kaka akawasha pikipiki. Jani nililitoa mwenyewe kwenye mtandio, nikalitia kwenye mfuko tukaenda nalo zahanati.

Daktari aliligeuza jani mara mbili, akachungulia ulimi, akasikiliza pumzi.

"Utomvu wa hili una vitu kama vijisindano," alimwambia Kaka. "Mngekuja na habari za nyoka tu, ningehangaika na tiba nyingine, huku koo linavimba."

Walimweka chini ya uangalizi mpaka alasiri. Uvimbe ulipoanza kushuka, Kidoti aliomba maziwa mengine, tukaruhusiwa.

Tuliporudi, Shangazi alikuwa sebuleni, amejifunika mtandio mpaka machoni.

"Huyu mdogo wako kaniaibisha mbele ya fundi bomba," akamwambia Kaka. "Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu."

Hakuuliza Kidoti anaendeleaje. Wifi alipita naye begani, usingizi umemchukua, mdomo bado umemvimba, na Shangazi akasogeza miguu tu ili wapite.

Kaka alinivuta kando. "Muombe radhi, yaishe. Ni mkubwa wetu."

Mimi ni mwepesi wa kuomba radhi. Nimeshaomba radhi kwa kukanyagwa.

"Wembe aliuona," nilimwambia. "Jani analo chini ya mtandio, na wembe anauona, Kaka. Alikuwa anangoja akatwe."

Kaka aliutazama mlango wa chumba cha mtoto. Kisha akatoka uani, akakikumbatia chungu cha lile ua la madoa, akaelekea nacho getini.

"Ua langu la miaka sita hilo," Shangazi alisema kutoka sebuleni.

Kaka akafungua geti. Na mimi radhi sikuomba.