Mpagazi wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, Kapya aliwaanikia waajiri wake vitabu kwenye baraza ya nyumba moja ya mtaa wa Golf, mchwa wasivile. Vilikuwa kumi na viwili. Bwana wa nyumba, Injinia Lucien, alivichagua kwao Ulaya mwaka 1973, avisome katika safari ndefu ya kuja Afrika kufanya kazi ya shaba. Vyote vilieleza Afrika. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa na Mwafrika, na aliyemuuzia hakuona kasoro.

Jumamosi hiyo kitabu cha nne, cha mzungu aliyefika Katanga kwa miguu enzi za mababu zetu (kwa miguu, ndivyo alivyoandika, na mizigo sijui ilijileta), kilipopata joto, wapagazi wakaanza kutoka kurasani. Walikuwa thelathini na saba. Wakatua masanduku ya mvinyo, kitanda cha kukunja na bafu la bati, wakanyoosha shingo. Kapya akawaomba wasikanyage maua, akaingia jikoni kusonga bukari, ugali wa kwao. Ilibidi asonge mara tatu.

Walikula wakitaniana. Yule wa bafu alisema amelibeba miaka zaidi ya sabini na mzungu mwenyewe bado ananuka.

Kapya alikuwa na shida yake. Nyumbani kwake, mtaa wa Katuba, mwanawe wa wiki tatu hakuwa na jina. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, inataka ya mababu. Mtoto naye, kila jina walilomjaribia, alilia mpaka jioni. Chileshe, mkewe Kapya, alisema mtoto anadai la Mwaba, babu yake Kapya, aliyekamatwa kubeba mizigo asirudi. Lakini kwao jina la mtu ambaye kifo chake hakijulikani halipewi mtoto. Labda mwenyewe yuko njiani.

Basi akawauliza habari za Mwaba, sahani kwa sahani. Yule wa bafu akameza tonge.

"Mwaba mutoto ya Kalaba? Ni miye."

"Nkambo, ulikufaka?" Kapya alimuuliza babu yake.

"Nilikufaka. Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mustari ya mwisho. Ilikuwa homa. Bale baliandika tu, mpagazi mumoja alibakia nyuma."

"Niko na mutoto ku nyumba. Anakosa jina."

"Mupatie yangu. Humu mu kitabu haina kazi, banatuita bote porteur, mpagazi tu." Akaomba aongezewe sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Kapya akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa huo: *Huyu ni Mwaba, mtoto wa Kalaba. Alikufa hapa.* Saa kumi, jua lilipopungua nguvu, wapagazi walipanga sahani vizuri, wakajitwisha, wakarudi ndani.

Jioni hiyo mtoto aliitwa Mwaba. Akacheka, akalala. Chileshe aliuliza kitu kimoja tu, kama nkambo alishiba.

Jumatatu Lucien aliyaona maandishi. Alikuwa mtu nadhifu. Aliyafuta kwa kifutio, polepole, karatasi isichanike, akamweleza Kapya bila hasira kwamba vitabu haviandikwi-andikwi. Kisha akakifunga kitabu kwa karatasi ya kaki na kamba. Mwenzake aliyekuwa Ulaya alikuwa anajiandaa kuja, naye alimwandikia kuuliza asome nini safarini. Katika vile kumi na viwili, Lucien alimchagulia hicho. Alisema humo mtu anaiona Afrika kama ilivyo.

Kapya akatumwa posta. Kilikuwa kifurushi cha kitabu kimoja, lakini mikono ilishindwa kukibeba, akakiweka kichwani. Hakufika mbali, sauti ikatoka kwenye kaki.

"Mujukulu, tia nkata kwanza. Vile unabeba, shingo itakuuma mpaka uzee."

Kapya akavua aproni, akaikunja duara, akaiweka utosini chini ya mzigo. Ukakaa sawa. Wakaendelea hivyo mpaka posta, wakizungumzia mtoto, kila mmoja na mzigo wake kichwani.