Wanane kwa Mara Moja

Uweso alikufa Ijumaa alfajiri, na kabla jua halijapanda, Kombo, mdogo wake, alikuwa ameshafunga kamba ya katani kwenye mlango wa daraja. Waliokwenda kwake kumpa pole hawakumkuta. Walipoambiwa yuko mtoni walitazamana, na wengine hawakujizuia kusema: ndugu wa tumbo moja, maiti haijaoshwa, naye yuko huko anashughulika na kamba.

Tuseme kweli, walikuwa na sababu ya kusema. Ndugu hao walikuwa hawasemezani mwaka wa pili sasa, na kisa chenyewe kilikuwa daraja hilohilo.

Uweso ndiye aliyelijenga. Mto ule unaoshuka kutoka milima ya Amani ulikuwa ukichukua mtu karibu kila masika, na mashamba ya michungwa, makaburi na njia ya kwenda Muheza vyote viko ng'ambo. Uweso akakusanya vijana, akatafuta nyaya nene za chuma zilizotelekezwa kwenye shamba la mkonge lililokufa zamani, akazipitisha juu ya nguzo huku na huku, akatundika vibao. Daraja la kuning'inia, jembamba, likitikisika kidogo ukilipanda. Tangu hapo watu wakamwita Mzee wa Daraja, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake.

Kombo hakuwapo. Yeye alikuwa Tanga mjini, bandarini, na kazi yake kwa miaka thelathini na moja ilikuwa kukagua nyaya za winchi. Alipostaafu akarudi kijijini, na katika wiki ya kwanza akaenda darajani na tambara. Watu walidhani anafuta kutu. Kumbe ndivyo waya unavyopimwa: unaushika na tambara, unalivuta polepole, na pale linaponasa ujue uzi umekatika. Juu ya nguzo ya ng'ambo, mahali waya unapopinda na maji ya mvua kutuama, tambara lilinasa mara kumi na saba ndani ya shibiri moja.

Hapo ndipo Kombo alipokosea, na mwenyewe anakiri. Bandarini, ukiona waya mbovu unapaza sauti ili kila mtu asikie, kwa sababu yule asiyesikia ndiye atakayekuwa chini yake. Kwao mambo hayaendi hivyo. Kwao, neno kama hilo unampelekea kaka yako nyumbani, mnakunywa kahawa, mnaulizana habari za michungwa, halafu unalidokeza wakati wa kuaga. Kombo alilisema barazani, baada ya swala ya alasiri, watu wamejaa.

"Kaka, daraja lako limeoza. Siku litakapobeba watu wengi litaua."

Uweso alichukua kofia yake, akainuka, akaenda zake. Kesho yake Kombo akaandika kibao kwa rangi nyekundu: WATU WANANE TU KWA MARA MOJA. Uweso akatuma mtu akaking'oe. Kombo akakirudisha. Barua ikapelekwa wilayani, wataalamu wakaja, wakapima, wakakubali kwamba waya umechoka na namba ya kwenye kibao ni sawa, wakaahidi nyaya mpya. Masika mawili yakapita. Katika muda wote huo, kila siku ya gulio, Kombo alikaa pale kwenye kigogo akihesabu watu, akitukanwa na akina mama wenye vikapu vya machungwa. Uweso akiletewa habari hizo alikuwa akicheka kwa sauti, ili wapeleke jibu.

Uweso alipougua, Kombo alikwenda mara mbili. Mara zote mbili alipokewa mlangoni na Rahimu, mtoto mkubwa wa Uweso, akaambiwa baba amelala.

Kwa hiyo ikabaki nafasi moja tu. Kwa desturi yao, ndugu wa marehemu ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Kombo aliitaka nafasi hiyo kama mtu anavyotaka maji. Ila alijua pia jeneza linavyokwenda kwao: kila mtu anataka thawabu, bega linaingia bega linatoka, watu wamebanana mbele na nyuma, na wanakwenda mbio kwa hatua moja. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, watu wasingepungua mia mbili. Hatua za watu mia mbili zikipiga pamoja juu ya waya ule, hesabu alikuwa nayo, na hakupenda kuimaliza.

Wakatokea saa nane kasoro, wanaleta tahalili. Rahimu alikuwa mbele, bega chini ya jeneza, macho mekundu. Alipoiona kamba akasimama, na wote wakasimama nyuma yake wakisukumana.

"Baba mdogo, tupishe."

"Wanane, mwanangu," alisema Kombo. "Wanane wanane, na msikimbie."

"Hata leo? Hata kaburini kwake unamfuata na kibao chako?"

Kombo alikuwa akilia waziwazi, kamba imo mkononi, na aliona kwamba machozi yake hayamsaidii, kwa maana watu waliyaona ni ya kinafiki. Mmoja akataka kuikata kamba kwa kisu. Shekhe Masoud, aliyewaswalisha, akamzuia. Alimtazama Kombo kwa muda, kisha akasema maiti haisubirishwi na ugomvi hautamfaa marehemu, basi na wavuke wanane wanane.

Wakapita wabebaji sita. Kombo akamgusa Rahimu bega bila kujua, kama alivyozoea kwa kila anayepita, akahesabu: sita, na kaka yake wa saba. Wa nane alikuwa Shekhe. Wakatembea. Daraja lilibonyea katikati, kama kitanda cha kamba anapokalia mtu mzito, likainuka tena. Kombo hakuvuta pumzi hadi mguu wa mwisho ulipokanyaga ardhi.

Sasa ilikuwa zamu yake. Akatafuta wa kumwachia kamba, na aliyejitokeza alikuwa Kristofa, jirani yake, Mlutheri, seremala, mtu wa kuaminika kabisa. Akampa maelekezo mara mbili. Kundi la pili likavuka, la tatu likavuka, na katika la nne Kombo akajiunga wa nane. Alikuwa hajafika kibao cha kumi alipohisi daraja linamkimbia miguuni. Akageuka. Kristofa alikuwa amebanwa na shemeji za marehemu waliotoka mbali, wanamsihi kwamba watachelewa kutia udongo, na yeye, kwa huruma, amewaruhusu wengine wanne. Nyuma yao watu walikuwa wameshaishika kamba.

Kristofa si mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa mbaya pale, na hilo ndilo linalokera. Watu kumi na wawili si wengi kwa macho.

Kombo akawarudisha wale wanne, na yeye akarudi nao. Akaichukua kamba mkononi mwa Kristofa bila kumlaumu. Alitazama ng'ambo, ambako vijana walikuwa wameshaanza kupanda kilima cha makaburi, akaelewa kwamba hatafika. Akiondoka, watajaa. Akibaki, kaka yake atapokewa na mikono mingine. Akainua kamba, akahesabu wanane.

Waliobaki walikuwa wengi, na kila kundi lilipita na neno lake. Mzee mmoja alimwambia Mungu atamlipa kwa anachokifanya, na hakuwa akimwombea. Alikuwa amefikia kundi la kumi na saba aliposikia kutoka juu ya kilima sauti ya Shekhe ikisoma talakini. Maana yake udongo umekwisha kutiwa. Kombo alishika nguzo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaendelea kuinua na kushusha kamba.

Halafu wakarudi, na kurudi nako ni wanane wanane. Kijana mmoja alipovuka alilipiga teke daraja, akasema kwa sauti, "Si hilo limesimama?" Watu wakacheka kidogo, pamoja na msiba. Na lilikuwa limesimama kweli. Daraja lisiloanguka halimtetei mtu.

Wa mwisho alipotoweka njiani, Kombo alivuka peke yake, akapanda kilima, akalikuta kaburi bichi limeshamwagiwa maji. Akachota udongo pembeni mara tatu, akautia juu. Akasoma Fatiha, akashuka.

Siku ya tatu, baada ya hitima, aliitwa na mjane. Mwatumu alikuwa ameingia eda, kwa hiyo alizungumza naye akiwa chumbani, mlango umerudishwa nusu, na Kombo akakaa kwenye kibao cha mbuzi huku nje ukumbini. Sauti ya Mwatumu ilikuwa imekauka.

"Shemeji, nikwambie jambo ambalo si la watu. Mwaka mzima huu, kila nikienda shamba, kakako alinisindikiza mpaka darajani asubuhi, watu hawajaamka. Atazama huku, atazama kule, akiona hamna mtu ndipo aniambie vuka. Mwenyewe hakulipanda. Alikuwa akipita kwenye maji, kule chini penye mawe, suruali kaikunja."

Kombo akauliza:

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambiaje, shemeji," alisema Mwatumu, "nawe ulishamwambia mbele ya watu?"

Kisha akamwomba neno moja. Rahimu asijue. Mtoto anajivunia daraja la baba yake, na ndilo lililobaki. Asije akajua kwamba baba mwenyewe alikuwa akiliogopa. Kombo alijua maana ya kukubali. Siri hiyo, akiisema, ingemsafisha mbele ya kijiji kizima kabla ya swala ya magharibi. Aliufikiria uso wa Uweso siku ile barazani, kofia mkononi, watu wamejaa. Akasema sawa, shemeji, hatajua.

Jumatatu ilikuwa siku ya gulio. Kombo alikuwa kwenye kigogo chake mapema, tambara begani. Akina mama walikuja na vikapu, wakamtukana kidogo kuliko kawaida kwa heshima ya msiba, wakapita. Kundi la pili lilikuwa na watu saba alipotokea Rahimu na gunia la machungwa kichwani. Hakutoa shikamoo. Kombo alimgusa bega, akamhesabu wa nane, akashusha kamba nyuma yake.